Bitoyo tamu, viti vibovu, na amandi ya Simba mbili: malewa moja ya Kenya, Lubumbashi

Kenya ninayosema ni komini, yaani mtaa mkubwa, ya hapa Lubumbashi, Kongo, si ile nchi, naanza na hiyo maana nikiandika hivi hakosi mtu wa Mombasa wa kuniuliza nilipanda basi gani. Malewa yenyewe, kile kibanda cha kulia chakula, iko nyuma ya soko, haina kibao, haina jina, ukifika uliza tu kwa yule mama wa bitoyo, ile samaki ya chumvi, hata watoto wanajua. Jina la mama siandiki, mwenyewe amekataza, anasema watu wa takse (kodi) wakisoma watakuja kumhesabia viti. Viti ni kumi na moja na vitatu vinayumba. Kile cha karibu na mlango usikalie kabisa, mimi kilinimwaga sahani ikiwa mkononi na hakuna aliyenipa pole, walicheka wote na mama akiwemo.

Tuanze na chakula. Bitoyo yake hapa mjini sijaona ya kuipita. Anailoweka tangu jioni, asubuhi anamwaga yale maji ya chumvi anailoweka tena, njo maana haikukaushi mdomo kama ile ya pengine ambayo ukishakula unakunywa maji mpaka usiku wa manane. Kisha anaikaanga mpaka ncha zinakuwa kama biskuti, anaiingiza kwa nyanya na kitunguu, pembeni lengalenga (mchicha). Bukari, yaani ugali, ni ya unga mweupe wa Zambia, imesongwa vizuri, ukiimega haikwami kwa vidole. Sahani 7000 franka, sombe (kisamvu) ya kuongeza 2000. Thomson yake, niseme ukweli, ni ya hivi hivi, ni samaki wa firigo na ile firigo unaisikia mdomoni, usipoteze mafranka. Munkoyo, kinywaji cha mahindi, ni mzuri Jumatano na Jumamosi, siku zingine unakuta umeshachacha umekuwa pombe, kuna watu wanaufuata kwa sababu hiyo, sisemi kitu.

Huduma ni pole pole. Mara ya mwisho nilingoja dakika 50 na nilipouliza mama akanijibu "bukari haina moteri". Basi, ukija na haraka pita tu, kula mikate barabarani.

Sasa kuhusu lile debe. Pale unapolipia, kando ya chupa ya pilipili, kuna debe la maziwa ya unga limekatwa mdomo, juu yake wameandika kwa mkono BUKARI YA BABLESE. Ni kwa ajili ya askari waliorudi na majeraha kutoka Kivu. Kila Ijumaa mama anamwaga kilichomo, anahesabu, anaongeza chake, anapika sufuria moja kubwa sana na kupeleka. Alianza pale Goma ilipoanguka kwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Mtoto wake wa pili ni askari. Na mama huyo huyo, kaa tu dakika kumi utamsikia mwenyewe, hii vita haitaki hata kidogo, anataka watu wakae chini waongee, hata na huyo adui, kama vile maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wachungaji wa Kiprotestanti wa ECC walivyosema mwanzoni mwa 2025 walipoleta ile pakti yao ya amani, wengine wakawatukana eti wanaenda kunywa chai na waasi.

Njo hapo kila Jumamosi moto unawaka, na mimi nasema ukweli, nusu ya sababu ya kurudi pale ni huo moto.

Jumamosi ninayotaka kueleza kurani (umeme) ilikuwa imekatika kama kawaida, radio ya betri inaongea mambo ya Doha, yale mazungumzo ya serikali na M23, meza ndefu imejaa. Kulikuwa na kijana wa pikipiki mwenye sauti ya kuitia abiria, mwalimu mmoja mzee ambaye ameshastaafu, noko (mjomba) mmoja aliyerudi kutoka Marekani, mimi, na kwenye kona shefu mmoja, askari wa kambi Vangu, mguu umenyooshwa juu ya kreti ya bia kwa sababu haukunji.

Kijana wa pikipiki akaanza, anamwambia mama, "Mama, mi nakuheshimu, lakini haiwezekane. Huku unapikia basoda, huku unasema vita ikome. Ukisema vita ni mubaya unabakata mikono. Chagua."

Mama hata hakugeuka, anageuza bukari. Noko ndiye aliyejibu.

Noko aliishi Texas miaka mingi, alikuwa anaosha magari. Akasema hiyo "chagua" aliiosha kwa mikono yake. Marekani ilipoingia Iraki Machi 2003, watu walianza kubandika nyuma ya magari yao utepe wa njano wa sumaku, maandishi yake yanasema unga mkono askari wetu. Yeye kazi yake kabla ya kuosha ni kuibandua moja moja, kuipanga kwenye ndoo asichanganye ya huyu na ya yule, akimaliza kuosha anairudisha, na ilipokaa muda mrefu unakuta chini yake rangi ya gari bado mpya, alama ya utepe imebaki. Siku moja likaja gari lina utepe na kando yake karatasi ya kupinga vita. Mwenzake wa kazi akakasirika, eti huyu mtu ni mnafiki, akataka kung'oa ile karatasi. Mwenye gari akawaambia, mtoto wangu yuko kule, zote mbili ni zangu.

"Sasa wewe," noko anamwambia kijana, "ungemubanduliaka gani?"

Hapo nilipenda jinsi noko anavyoeleza maana haelezi kama mtu wa televisheni. Alisema Wamarekani walikuwa na kidonda cha Vietnam, kule Washington kuna ukuta wenye majina zaidi ya 58,000, na waliorudi wazima wengi walilalamika kwamba walipokewa kama mbwa, au hawakupokewa kabisa. Kwa hiyo ilipofika Iraki hata wale wa kuandamana walikuwa wanaanza na "mi naunga mkono askari, lakini". Anasema ilikuwa kama salamu, huwezi kuingia kwa mtu bila kupiga hodi. Upande mwingine unajibu hiyo "lakini" yako ndiyo inayowapa moyo adui. Wa kwanza wanasema kumuunga mkono ni kumrudisha nyumbani akiwa mzima. Wakazunguka hapo hapo miaka.

Akataja Cindy Sheehan, mwanawe Casey aliuawa Iraki Aprili 2004, na Agosti 2005 akaenda kupiga kambi karibu na shamba la Bush kule Crawford, anataka tu rais atoke amwambie mwanawe alikufa kwa ajili ya nini. Mama wa malewa aliposikia hiyo akaacha mwiko. "Na alitoka?" Noko akasema walikuwa wameonana mara moja mwaka uliopita, hiyo Agosti hakutoka. Mama akarudia mwiko wake. Nilimtazama mgongo, hakusema tena kitu mpaka tulipopakuliwa.

Mwalimu naye akaleta swali ambalo mpaka leo naligeuza. Aliuliza, sawa, kwa maneno inawezekana, lakini kwa franka je? Mtu wa bunge akikataa kura ya makuta (pesa) ya vita, si amekataa pia viatu vya askari? Noko akasema njo hiyo ilimpata John Kerry. Kerry mwenyewe alipigana Vietnam, akarudi akaenda mbele ya Seneti mwaka 1971 kusema ile vita ni mbaya. Halafu 2003 ikaletwa sheria ya dola bilioni 87 ya Iraki na Afghanistan, yeye alikubali ile njia ya kuzilipa kwa kuwaongezea matajiri kodi, hiyo ikakataliwa, akapiga kura ya hapana kwa iliyobaki, na mwaka 2004 alipogombea urais walimpigia hiyo ngoma mpaka akashindwa, eti amewanyima watoto wetu. Mwalimu akatikisa kichwa, anasema swali langu haujajibu, noko akasema najua.

Lakini noko akaongeza na ya upande wa pili. Desemba 2004, kule Kuwait, askari mmoja alisimama mbele ya waziri wa ulinzi Rumsfeld akamuuliza kwa nini wanachokora vyuma kwenye majalala ili wafunike magari yao yasipenywe na mabomu, wenzake wakapiga makofi. Na 2007 ikajulikana kwamba majeruhi kwenye hospitali yao kubwa ya Walter Reed walikuwa wanalazwa kwenye jengo lenye ukungu ukutani na panya. Tepe za njano bado ziko kwenye magari wakati huo! Hapa kwetu watoto wa kuchokora feraye, vyuma chakavu, tunawaona kila siku, ila kumfikiria askari wa Marekani, mwenye ndege juu ya kichwa, anachokora feraye jangwani, meza nzima ilinyamaza kidogo.

Mwalimu akasema sisi Katanga hili jambo ni la zamani. Majandarma, askari wa Tshombe aliyeongoza Katanga ilipojitenga na Kongo, hiyo sesesyo ilipoisha Januari 1963 wengi wakavuka Angola, 1977 wakarudi na silaha, na 1978 wakaingia mpaka Kolwezi. Jirani yao alikuwa na mtoto mmoja huko kwa Tigres, njo hao waliorudi, na mwingine kwa jeshi la rais Mobutu. Alikuwa anaweka sahani mbili mezani jioni. Ukimwambia huyo achague...

Hapo njo mimi nikaharibu. Nilimgeukia kijana wa pikipiki nikamwambia wewe unawapenda askari wakiwa mbali, walipokimbia Goma si wewe hapa hapa ulisema wanyongwe wote, na adhabu ya kifo waliifungulia tena mlango Machi 2024, ulipiga makofi, sasa leo unamfundisha mama kupenda askari. Nilisema hayo kwa sauti kubwa, nakiri, nilikuwa nimesimama.

Kijana hakukasirika. Aliniangalia tu akauliza, "Na wewe yaya, mu ile debe ulishatiamo ngapi?"

Nimekula pale zaidi ya mwaka mmoja. Sijawahi kutia hata 100.

Na kwa mama kuna sheria ambayo sijaitaja, ukipaza sauti kupita sufuria unalipa amandi, yaani faini, bia mbili za Simba za meza. Nililipa. Kijana wa pikipiki ndiye aliyefungua chupa, alimimina ya kwanza kwa shefu.

Shefu njo akaongea, alikuwa hajasema kitu muda wote. Ninajaribu kuandika kama alivyosema. "Bote munaongeaka juu yangu na mi niko hapa. Ile vita mi niko nayo. Barafiki yangu balibakia kule, siwezi sema balikufa bule. Mama akisema ikome, inaniuma, sikufiche. Lakini ule wa kusema muende, muende, hakunitumiaka hata soksi."

Mimi nilikuwa nimeingia pale na wazo langu zuri, kwamba askari ni kitu kimoja na vita ni kitu kingine, unavitenganisha kama mchele na mawe. Na bado naamini sehemu kubwa. Ila huyu mtu alikuwa hataki kutenganishwa, na ndiye mwenye mguu. Noko alitaka kusema neno, akaliacha. Mwaka 2025 Rais alitangaza mishahara ya askari inaongezwa mara mbili, mwalimu akamuuliza kama ameiona, shefu akacheka tu kwa pua.

Mama alikuja na bakuli la lengalenga, akamwekea. "Inakuuma fasi gani? Kwa roho ao kwa tumbo?"

"Kwa yote mbili, mama."

"Ya tumbo nitaweza. Ya ile ingine tutagombana Jumamosi." Na kweli Jumamosi iliyofuata walikuwa pale wanagombana, mguu juu ya kreti ile ile, mama anasema mtoto wake arudi kesho, shefu anasema akirudi kesho nani atabaki, kisha anaomba bukari ya kuongeza na anaongezewa bure. Sijaona malewa nyingine hapa mjini watu wa mawazo hayo wakichovya sahani moja. Mahali pengine wangekuwa wameshatiana ngumi, au kuna mtu anaandika majina.

Kwa hiyo nyota 4 kwa 5. Moja nimeondoa kwa ajili ya viti na choo, ambacho kiko nyuma na mlango wake ni gunia. Ningeondoa nyingine kwa thomson lakini hakuna anayekulazimisha.

Jumapili amefunga. Ukitaka mahali nenda kabla ya saa sita na nusu, bitoyo saa nane inakuwa imeisha. Na uende na franka za kuvunjika, maana mama hanaga chenji, ukimpa noti kubwa anaishika, anaitazama, halafu anatazama debe.