Kempa mgongoni, boti mkiani: uzoefu wangu wa misimu mitatu Minnesota

Kabla sijanunua kempa, kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: "Kaka, hiyo pikapu yako ni ya dizeli, ya tani moja. Boti haitaisikia." Na kweli haiisikii. Kwa misimu mitatu ya kiangazi nimeivuta boti ya alumini ya futi 17 kutoka kwetu kaskazini mwa Minneapolis hadi ziwa Mille Lacs na ziwa Vermilion, na sijaona injini ikihema hata siku moja. Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba kazi haiko kwenye kuvuta. Iko kwenye kubeba.

Kwa asiyeijua, kempa ninayoizungumzia hapa si tela. Ni kijumba kizima chenye jiko, friji, choo na kitanda kinachokaa juu ya paa la dereva. Kinapandishwa kwenye bodi ya pikapu na kufungwa kwa vyuma vinne vya kukaza. Kwa kuwa kiko mgongoni, nyuma ya gari kunabaki nafasi ya tela ya boti, na hiyo ndiyo sababu tuliichagua. Mwenye nyumba ya kuvutwa ama aiache boti nyumbani, ama avute tela mbili kwa mpigo, jambo ambalo majimbo kadhaa ya Marekani hayaliruhusu. Sisi tuna tela moja tu, kwa hiyo hatuna kesi na mtu.

Sasa tuje kwenye mzigo. Ukifungua mlango wa dereva wa pikapu nyingi zinazouzwa hapa, kwenye nguzo ya mlango utakuta kibandiko chenye namba moja: jumla ya abiria na mizigo isizidi kiasi kadhaa. Changu kinasema, kwa kilo, 1,780 ("tani moja" ni jina la daraja la pikapu tu, si kipimo). Karatasi ya muuzaji ilisema kempa ina kilo 1,180, nikaona ninazo 600 za kuchezea. Nikasahau kwamba 1,180 ni kempa kavu: bila maji, bila gesi, bila betri ya pili, bila sufuria, mablanketi, viti vya kukunja na gunia la mchele ambalo mke wangu haendi safari bila hilo.

Kabla ya safari ya pili nikapitia mizani ya CAT, ile iliyopo kwenye vituo vya malori. Unapanda na gari zima, inakupimia ekseli ya mbele, ya nyuma na tela, kila moja peke yake. Gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Karatasi ikatoka: nimezidi kilo 120. Kempa iliyojazwa ilikuwa 1,520, sisi wanne 255, na mkia wa tela, ile ncha ya mbele inayolalia gari, pamoja na chuma cha kuuvutia 125. Safari ya kwanza yote nilikuwa nimeendesha hivyo, watoto wakiimba kiti cha nyuma, nami nikijiona nahodha.

Dawa haikuwa ghali. Tangi la maji safi linabeba lita 115, yaani kilo 115, na ziwani bomba lipo. Sasa tunasafiri na tangi tupu na dumu dogo la kunywa. Jenereta ya kilo 40 niliiuza. Nikabaki na nafasi ya kilo 35. Kumbuka hiyo 35.

Jambo jingine ambalo mizani ilinifundisha ni habari ya mkono. Kempa imetokeza nyuma ya bampa, kwa hiyo tela haiwezi kuunganishwa pale pa kawaida. Lazima uweke mkono wa chuma wa kurefusha kiungio. Wangu ni sentimita 90. Mkono huo una tabia ya mzani wa dukani: kadiri jiwe linavyokaa mbali, ndivyo linavyobonyeza zaidi. Kilo 100 za mkia wa tela, zikikaa pale mwisho, huiongezea ekseli ya nyuma kama kilo 150 na kuipunguzia ya mbele 50, na ekseli ya mbele ndiyo inayoshika usukani. Ndiyo maana tela ya tani moja tu inaweza kuifanya pikapu kubwa iwe nyepesi puani. Na kiungio chenyewe hupoteza nguvu ukikirefusha. Usisome namba ya uzito kwenye kiungio, soma ya kwenye mkono.

Nilinunua mkono wa bei poa kwanza, wa bomba moja. Namba zake zilitosha kwa boti yangu, sikudanganywa. Lakini ulikuwa unacheza kwenye tundu lake. Kila shimo la barabara nililisikia mara mbili, kwanza gari, halafu boti. Baada ya msimu mmoja tundu la pini lilikuwa limeanza kuwa yai. Nikaingia gharama nikanunua wa mabomba mawili, unaoingia sehemu mbili chini ya gari, na kelele zikaisha siku hiyohiyo. Kama kuna mahali pa kutofanya ubahili katika mpango huu wote, ni hapa. Refusha na minyororo ya usalama pia, na waya wa taa. Watu wengi hukumbuka chuma wakasahau waya, wakajikuta wanafunga nyaya za sebuleni kwenye maegesho ya dukani.

Kuendesha kwenyewe hakuna mengi. Upepo wa ubavuni unasumbua, maana kempa ni ndefu kwenda juu, mita tatu na nusu na ushee, na kila paa la kituo cha mafuta unaliangalia mara mbili. Boti, kwa kuwa imejificha nyuma ya kempa, haiongezi sana ulaji wa mafuta: lita moja inanipeleka kilomita 4.7 na kempa peke yake, 4.3 nikiongeza boti. Mahali pekee ninapokaza mikono ni mteremko wa barabara ya I-35 unapoingia Duluth. Unatoka kilimani, ghafla ziwa Superior lote limetandazwa mbele yako, kila abiria anasema "waaa", na dereva ndiye asiyetakiwa kuangalia. Shusha gia mapema, juu kabisa, usingoje breki zinuke.

Kilichoninukia mimi hakikuwa breki. Tulikuwa tumesimama Hinckley, nusu ya njia ya Duluth, watoto wameenda msalani. Nina mazoea ya kugusa vitovu vya magurudumu ya tela kila tukisimama. Cha kulia nilitoa mkono kama nimegusa kikaango. Beringi ilikuwa imekauka. Tela ya boti ina ugonjwa wake: kitovu kinafika ziwani kikiwa cha moto, unakizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia sili. Maji yanaharibu grisi, na safari ya tatu au ya nne beringi inalia. Tulikaa pale hadi jioni tukingoja fundi na beringi mpya. Tangu hapo napaka grisi kila baada ya safari mbili, nikifika naacha vitovu vipoe kama nusu saa kabla ya kuingia majini, na beringi za akiba zimo kwenye kasha pamoja na spana zake.

Kamera ya nyuma ni ya lazima. Kwenye kioo cha ndani unaona ukuta wa kempa, kwenye vioo vya pembeni unaona kempa. Boti unaiona kidogo, lakini tela tupu huioni kabisa, nayo ndiyo inayopinda haraka ukirudi nyuma. Nilianza na kamera isiyo na waya, ikawa inakata picha wakati hasa ninapoihitaji. Yenye waya ilinichukua Jumamosi nzima kuipitisha, na haijanisumbua tena.

Lakini mahali ambapo kempa inashinda vyote ni pale mnapofika. Ina miguu minne, mmoja kila pembe, inayoshuka kwa rimoti. Unafungua vyuma, unachomoa waya, unainua, unaondoa pikapu chini yake. Mara ya kwanza ilituchukua saa nzima na maneno makali kati yetu. Siku hizi dakika 20. Nyumba inabaki imesimama kambini kwa miguu yake, nami nina pikapu tupu ya kwenda kushua boti. Kwetu Tanga ndivyo tunavyosema, kushua chombo, na wazee wa Sahare hukisukuma kwa mabega na magogo. Hapa kuna mteremko wa zege, na bado watu wanagombana.

Ukilala usiku mmoja tu, kushusha kempa hakulipi. Hapo nashua nikiwa nayo mgongoni, na kusema kweli uzito wake unasaidia: magurudumu ya nyuma hayatelezi kwenye zege lenye utelezi wa majani. Ila usijaribu kwenye mteremko mkali, maana ngazi ya kempa na mkono vinaweza kukwaruza. Na uwe na mtu wa kukuelekeza. Wangu ni mke wangu, kwa simu, naye amekubali baada ya mazungumzo marefu kwamba "njoo, njoo, njoo" si maelekezo.

Kuirudisha kempa juu ya pikapu ndiko kugumu. Ardhi ikiinama kidogo, unaingia na kutoka mara kumi ukitafuta sentimita mbili. Chagua uwanja kwa ajili ya siku ya kuondoka, si siku ya kufika.

Kisa cha kizibo sina budi kukisema. Minnesota ni jimbo la maziwa 11,842 yenye ukubwa wa kuanzia ekari 10, na wanayalinda dhidi ya kome milia, wale viumbe wadogo wa majini wenye magamba mawili wanaosambazwa na boti zetu wenyewe. Kwa hiyo sheria inataka kizibo cha ngama, pale chini ya boti panapokusanyika maji, kiwe kimetolewa boti inapokuwa barabarani, na ukitoka ziwani usafishe majani na kumwaga maji yote. Mille Lacs tayari inao. Sheria nzuri, siipingi. Lakini kizibo kilichotolewa ni kizibo cha kusahaulika. Asubuhi moja pale Mille Lacs, mtu niliyezaliwa pwani, mwenye baba aliyenifundisha kutoa maji ya ngama kabla sijajua kusoma, nikashua boti, nikapaki gari, nikarudi nikijisifu kimoyomoyo. Mwanangu wa miaka 7 akauliza, "Baba, mbona viatu vyangu vinalowa?" Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Mama yake ni mtu wa Morogoro, wa milimani, hajui kuogelea, hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Baba Salma. Kizibo." Sasa kizibo hukaa kwenye funguo za gari. Siwezi kuwasha injini bila kukishika.

Na Mille Lacs si ya kufanyia mzaha. Ni pana, kama kilomita za mraba 536, lakini haina kina, kwa hiyo upepo ukivuma mawimbi yanakuwa mafupi na ya karibukaribu, yanakupiga kabla hujamaliza la kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 10 lazima avae jaketi la kuokolea maisha boti inapotembea. Kwetu anavaa kila mtu, na mimi mwenyewe. Vermilion ni afadhali kwa familia, ina visiwa na vijikono vya kujificha upepo, ila ni kilomita 340 na zaidi kutoka nyumbani.

Ndani ya kempa, watu wanne wanatosha kukiwa na jua. Mvua ikinyesha siku mbili, mnajuana tabia. Binti ana miaka 12 na miguu yake imeanza kupita mwisho wa kitanda kinachotokana na meza. Jiko lina moto miwili, linatosha ugali na mboga, na walleye, samaki wa jimbo hili, akipakwa nazi ya kopo anamkaribia changu wa pwani kwa ladha kuliko nilivyotegemea. Friji ni ndogo. Choo ni kidogo mno, lakini saa nane ya usiku, mvua inanyesha na mbu wa kaskazini wako nje, hakuna atakayekilalamikia.

Ningenunua tena? Kempa, ndiyo, ile ile. Pikapu, hapana, ningechukua yenye magurudumu mawili kila upande wa nyuma tangu siku ya kwanza, nikaacha kuhesabu kilo kama mpima pamba. Wenye pikapu za nusu tani wanaoniuliza kambini kama na wao wanaweza, nawaonyesha kibandiko chao wenyewe, na mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo mlangoni.

Mwezi wa 7 mama mkwe anakuja kutoka Morogoro, na ameshaambiwa habari za ziwa. Kiti kipo. Kilo zilizobaki ni 35, na uzito wa mama mkwe hauulizwi. Juzi usiku nilikaa na karatasi ya mizani nikijaribu kutoa hiki na kile: viti vya kukunja, kasha la spana, hata gunia la mchele. Mke wangu akapita nyuma yangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja tu, ule wa kilo 125, mkia wa tela na mkono wake, akaenda kulala.