Pampu ya mkondo kwa tangi dogo la bahari: je, inaamka stima ikirudi?

Mwezi wa Aprili, katikati ya masika, stima ilikatika kwetu Malindi saa tano za usiku ikarudi saa nane. Nilisikia friji ikianza kunguruma, taa ya barazani ikawaka, nikageukia upande wa pili nikalala. Alfajiri nilipoingia sebuleni, penye tangi langu la samaki wa bahari, nilimkuta samaki mmoja amelala ubavu juu ya mchanga, na mwenzake yuko juu kabisa, mdomo nje ya maji, anahema. Kamba wangu msafishaji, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, alikuwa amekufa chini ya jiwe.

Pampu ya mkondo, ile inayozungusha maji ndani ya tangi, ilikuwa na stima. Niliishika nikahisi inatetemeka. Lakini panga lake halizunguki: linakwenda unywele mmoja kulia, unywele mmoja kushoto, trrr, trrr, kama mdudu aliyenasa kwenye utando wa buibui. Maji yalikuwa yamesimama zaidi ya saa sita, na nusu ya muda huo stima ilikuwepo.

Tangu nieleze kisa hiki nimeandikiwa na watu wa Watamu, Kilifi na Mombasa ambao yaliwakuta hayo hayo, na karibu wote waliuziwa pampu kwa kusifiwa idadi ya lita. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa swali moja tu. Stima ikirudi na wewe umelala, pampu inaamka yenyewe?

Hesabu ya lita naimaliza hapa hapa. Kwa samaki na matumbawe laini, zidisha lita za tangi mara 10 hadi 20 kwa saa. Matumbawe magumu yenye matawi yanataka mara 40 na kuendelea. Tangi langu ni la lita 60, basi pampu ya lita 1,000 hadi 1,200 kwa saa inanitosha. Tupa chakula uone: kizunguke tangi zima, kisigandamizwe kwenye kioo cha upande mmoja, na mchanga usichimbike. Pampu ielekeze juu kidogo ili uso wa maji ufanye vijiwimbi, maana hewa inaingilia hapo. Rangi, ukubwa wa boksi na idadi ya vitufe, angalieni wenyewe.

Turudi kwenye kuamka. Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya mtoni, na kadiri yanavyopata joto ndivyo inavyopungua. Kwa nyuzi 28, ambazo ni joto la kawaida la sebule zetu, lita moja ya maji ya bahari haifikishi miligramu 7 za oksijeni. Tangi dogo halina akiba. Wanaoandika miongozo huko Ulaya wana vyumba vya baridi, na stima ikiwakatikia ni habari ya mwaka. Ndiyo maana jambo hili hawalitaji, nasi tunanunua kwa kufuata maneno yao.

Pampu nyingi za bei ya kati zinatumia stima ya ukutani moja kwa moja. Ndani kuna sumaku ya mviringo iliyopitishwa ekseli, na stima yetu inayogeuka mara 50 kwa sekunde ndiyo inayoivuta na kuisukuma. Mota ya namna hii haina upande wake. Hujaribu kulia, ikishindwa hujaribu kushoto, na wakati wa kuanza haina nguvu ya kubeba mzigo. Kwa sababu hiyo mtengenezaji huliacha panga na ulegevu: sumaku inazunguka peke yake kwanza, ikishapata kasi ndipo inalikamata panga na kulivuta. Kile kipande kinachotoa ulegevu kikikatika, au kikishikwa na chokaa, pampu ambayo tayari inazunguka itaendelea kuzunguka miezi na miezi bila wewe kujua lolote. Siku itakapozimwa, haiamki.

Ya kwangu niliifungua na bisibisi juu ya meza. Kipande cha plastiki cha ukubwa wa punje ya mchele kilikuwa kimekatika, na ekseli ina ukoko mweupe uliochanganyika na tope laini la kahawia. Tope lile nalijua, ni la Sabaki. Mto ukifurika, bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa, na mimi nilichota maji ya kubadilisha siku tatu tu baada ya mvua kubwa. Kosa hilo ni langu, na sasa masika yote nachanganya chumvi ya pakiti. Lakini pampu niliyoambiwa ni ya bahari ingepaswa kuvumilia tope la bahari.

Dukani, kabla ya kutoa pesa, zungusha panga kwa kidole. Katika pampu ya stima ya ukutani iliyo nzima utalihisi linakwenda bure kama nusu mzunguko, halafu linashika na sumaku inaanza kukataa. Likishika papo hapo uwe na shaka. Likizunguka bila kushika kabisa, iache hapo hapo. Kisha omba ndoo ya maji na ekstensheni yenye swichi. Zima, washa, mara ishirini: mara nyingine uizime sekunde tatu, mara nyingine dakika tano. Stima yetu hairudi kwa adabu; inarudi, inapotea, inarudi tena. Pampu ikikataa hata mara moja katika ishirini, kwa mahesabu ya masika ya Malindi hiyo itakuua samaki kabla ya Juni.

Pampu zenye adapta na kidhibiti zina mtihani mwingine. Mota zake huanza kwa nguvu, lakini baadhi ya vidhibiti stima ikirudi vinangoja ubonyeze kitufe, na vingine vinasahau kasi uliyoweka. Hizo nazo chomoa plagi, chomeka, ungoje uone.

Sasa chaguo zangu. Nasema wazi, mimi ni mtu wa Tunze, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1960, na sijifichi. Ya kwanza kwangu ni nanostream 6040. Inafika lita 4,500 kwa saa lakini inashushwa hadi mia chache, kwa hiyo tangi la lita 60 haliteswi, na unaweza kuipanga itoe mkondo kwa mapigo badala ya kusukuma upande mmoja kutwa. Aliyewahi kusimama kwenye mwamba wa Casuarina hapa Malindi siku za bamvua, maji yakivuta na kulegea, ataelewa kwa nini samaki wanatulia. Lakini sababu yangu hasa ni betri. Wanauza kiunganishi cha pembeni kinachoiwezesha kuhamia betri ya volti 12 stima inapokatika. Kasi ikiwa imeshushwa, betri ndogo inaipeleka usiku kucha. Swali la kuamka linakufa kwa sababu pampu hailali.

Ya pili ni ndugu yake, nanostream 6015, lita 1,800 kwa saa, stima ya ukutani, haina kidhibiti. Ndiyo niliyonayo leo. Niliipitisha kwenye ndoo mara ishirini, nikarudia ishirini nyingine, haikukosa hata moja. Na kila kipande chake kina namba yake, kinauzwa peke yake: ekseli, panga, kikapu. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko maandishi yote ya boksi.

Ya tatu ni Voyager Nano ya Sicce, ya Italia, na kwa mji wenye Waitaliano wengi kama wetu si ajabu kupata mtu wa kukuletea. Kuna ya lita 1,000 na ya lita 2,000. Kwa tangi la lita 60 chukua ya 1,000. Mwenye uwezo mkubwa ataitamani VorTech MP10, ambayo mota yake inakaa nje ya kioo, hivyo waya hauingii majini na joto la mota linabaki nje. Inatoa zaidi ya lita 5,000 kwa saa na inakubali betri. Ni pampu bora, ila kwa lita 60 utaitumia robo tu ya ulicholipia.

Za bei rahisi, kama SunSun za aina ya JVP na Jebao zenye kidhibiti, zipeleke kwenye ndoo, zikifaulu nunua. Na kama una jamaa Marekani anayetaka kukuletea zawadi, mwambie asichukue ya volti 120. Hapa itaungua.

Wauzaji wetu lazima niwaseme. Pampu ile iliyogoma niliilipia elfu tatu na mia tano. Nilipoirudisha, muuzaji alinionyesha maandishi chini ya risiti, mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akaniambia tatizo ni stima yetu ya Malindi. Mwanangu, stima ya Malindi unaijua, ndiyo unayotuuzia pampu zitumike nayo! Nikamwomba basi aniuzie ekseli na kile kipande. Hana, hajawahi kuwa nacho, ninunue pampu nyingine. Huyu anauza mali ya kutupwa kila mvua zikinyesha, na ukitamka neno bahari bei inapanda kabla hujamaliza sentensi. Maji ya chumvi hayageuzi plastiki kuwa dhahabu. Nendeni duka ambalo lina vipuri kwenye droo na linakubali ndoo. Nimelipata moja tu Mombasa, na kijana wa pale alinijazia maji mwenyewe na kushika swichi.

Ambaye hawezi kufika bei za Tunze mwaka huu, ninamwomba anunue pampu mbili ndogo za lita 500 au 600 badala ya moja ya 1,200, kila moja pembe yake na kwenye soketi yake. Moja ikigoma usiku, ya pili inatikisa uso wa maji hadi asubuhi. Kila wiki ya kwanza ya mwezi zitoe, ziloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, uzisugue ekseli kwa mswaki wa zamani na uzisuuze. Halafu kabla hujazirudisha, zima swichi na uiwashe mara tano ukiwa umesimama pale pale.