Redio ya gari inakwaruza? Kabla ununue antena ama deki mpya, uliza waya ya bluu iko wapi

Kuna swali halinipi nafasi: "Dada, redio ya gari inakwaruza, ninunue antena gani?" Na mara nyingi linakuja na picha ya kitu mtu tayari ameuziwa. Ya juzi imetoka Kisumu, boksi ya deki mpya, pembeni imeandikwa SiriusXM Ready, na mwenye duka ameapa hiyo ni redio ya setilaiti, eti inashika popote Kenya hii hata ukiwa ndani ya msitu wa Kakamega, ndiyo maana bei imepanda kuliko ile iliyo kando yake.

Wacha tumalizane na hiyo kwanza juu imeniudhi. SiriusXM ni ya Marekani na Kanada. XM ilianza kurusha 2001, Sirius 2002, zikaungana 2008, na setilaiti zao zinamulika upande ule wa Amerika Kaskazini. Hata huko kwao, neno Ready linamaanisha tu deki ina soketi nyuma, mtu bado ananunua kiboksi chake na antena yake halafu analipia usajili, na bado wanalalamika sauti inakatika wakipita chini ya daraja ama kwenye miti mizito, kwa sababu antena lazima ione anga. Huku Afrika tulikuwa na WorldSpace, kampuni ya redio ya setilaiti, setilaiti yao AfriStar ilirushwa 1998, lakini 2008 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kwa hivyo mtu wa duka Nakuru ama Kisumu akikuambia leo gari yako itashika setilaiti, muage kwa heshima. Deki yenyewe haina makosa, Pioneer na Kenwood nyingi zina hayo maandishi. Makosa ni kulipia maandishi.

Sasa tuje kwa FM. Wati, ukubwa wa skrini, taa za kubadilika rangi, hayo utaelezwa na kila mtu hadi uchoke. Mimi nataka uweze kutoka Nakuru na Radio Citizen, uteremke Awasi ukiwa na Ramogi, upande Kiboswa ukiwa na Mulembe, bila hiyo khrrrr.

Gari nyingi zetu ni za Japani na redio yake imetengenezewa masafa ya Japani, kuanzia megahezi 76 hadi 90, zile za miaka ya karibuni zinafika 95. Sisi tuko 87.5 hadi 108. Ndiyo maana ukitoa gari Mombasa unapata stesheni mbili tatu tu. Dawa ya haraka ni ekspanda, kale kakifaa kanakaa kati ya antena na redio na kushusha namba. Lakini uliza inashusha ngapi, na mwenye duka akisema "zote ni sawa" ujue hajui. Ya 20 inaleta 96 hadi 108 na inakunyima karibu zote za chini ya 96. Ya 12 inakupa kuanzia 88 hadi 102, zile za juu ya hapo kwaheri. Hesabu ni rahisi, redio yenye nafasi ya 14, yaani 76 hadi 90, haiwezi kumeza 20 zetu za 88 hadi 108. Andika namba za stesheni zako za nyumbani kwa karatasi, ndiyo uende dukani. Na hako kakifaa kanataka umeme wake na ground safi, fundi akikafunga tu na tepu nyeusi akaache kananing'inia nyuma ya dashibodi, makelele yatakuwa mengi kuliko mwanzo.

Haya. Waya ya bluu.

Kama gari yako haina fimbo juu, angalia kioo cha nyuma ama vile vioo vidogo vya pembeni huko nyuma. Utaona mistari myembamba ambayo haifanani na ile ya kutoa mvuke. Hiyo ndiyo antena. Sasa, antena ya kioo ni dhaifu, kwa hivyo kiwandani waliweka kiboksi kidogo cha kuongeza nguvu, kimefichwa nyuma ya plastiki karibu na hicho kioo, na hicho kiboksi kinahitaji volti 12. Umeme wake unatoka kwa redio. Ukinunua deki mpya, kwenye ule mkia wa waya nyuma kuna moja ya bluu ama bluu yenye mstari mweupe, kwa zile za Android huwa na kilebo kimeandikwa ANT CONT. Fundi anaunga ya betri, ya switchi, ya ground, spika nne, anawasha, muziki unatoka, anakata ile ya bluu, anafunga tepu, anasema "tayari mama". Antena imelala usingizi. Unaanza kununua vitu. Unauziwa busta, unauziwa antena ya pezi la papa ya kubandika juu, unarudi kununua deki ingine ya bei zaidi, na wakati wote waya ya bure iko hapo ndani imefungwa tepu.

Hata zile fimbo fupi za mpira nyingi zina kiboksi chini yake, kwa sababu kwa FM ya 100 fimbo inayojitosheleza inataka karibu sentimita 75 na hakuna mtu anataka hiyo tena juu ya gari. VW na za Ulaya nyingi umeme unapita ndani ya waya ya antena yenyewe, kwa hivyo lazima adapta yenye kawaya ka umeme. Adapta ya kawaida itaingia vizuri kabisa na haitafanya chochote.

Kupima ni hivi. Toa gari nje, usipime chini ya mabati ya duka. Weka stesheni hafifu, sio ile ya mjini inayopiga kelele. Mwambie fundi achomoe ya bluu. Kelele ikiongezeka, iko sawa. Isipobadilika, mwambie aweke mita kule kwa kiboksi uone kama kuna 12. Atakuangalia vibaya. Muache akuangalie.

Kwa hivyo mpangilio wangu, na sifichi mapenzi:

Namba moja, Pioneer ile ya kawaida ya mkato mmoja, yenye Bluetooth na USB. Haina skrini kubwa, watoto watanuna, lakini inashika stesheni ambazo hizi zingine zinaziruka, na karatasi ya waya inakuja ndani ya boksi imeandikwa vizuri. Hakikisha tu ni original, feki ni nyingi na boksi zimeigwa vizuri kuliko deki.

Namba mbili, Sony ama Kenwood, kama Pioneer imekosekana. Sina mengi.

Namba tatu, baki na redio ya Japani iliyokuja na gari, ekspanda nzuri, basi. Ila ukitoa betri kuna zile za Toyota zitakuomba namba ya siri ya kufungua kwa Kijapani, kwa hivyo mwambie fundi mapema asichomoe betri ovyo.

Namba nne, Android. Ramani na YouTube safi, lakini kwa nyingi FM imewekwa tu ili isikosekane. Ukilazimika, itisha yenye chipu ya redio ya NXP 6686, na uione imeandikwa kwa setingi, sio kwa mdomo wa muuzaji.

Za elfu tatu tatu zisizo na jina: hapana. Pezi la papa la kubandika: ni la urembo.

Na kabla ulaumu yoyote kati ya hizi, chomoa dashikamu na chaja ya simu usikie tofauti. Angalia pia kama mtu wa tinti aliweka ile yenye madini juu ya kioo chenye antena. Halafu kuna pahali kama kule Mau Summit ukishaingia nyuma ya kilima, FM haipindi kona, hiyo hakuna deki itakuokoa.

Kinachoniuma ni bei. Deki ile ile, duka mbili mtaa mmoja, tofauti ya elfu tatu, na nikifika mimi mwanamke na funguo mkononi inaongezeka ingine. Kufunga unalipia kando, adapta kando, na ukirudi kesho na khrrrr yako unaambiwa garanti haihusu wayaringi, wakati ni kijana wao mwenyewe alikata hiyo waya mbele ya mlango wao. Siku hizi nalipa nusu, naendesha gari mpaka mwisho wa barabara nikisikiliza stesheni hafifu, nikirudi ndiyo wanapata nusu ingine. Kuna duka moja ilikataa mpango huo, na deki yao bado iko kwa shelfu.