Fahrenheit 451 ya 1966: nimeicheki, haya ndo maoni yangu

Kama umesoma kitabu cha Ray Bradbury cha 1953 na unaogopa muvi isije ikakuharibia, mi nakwambia icheki, ila anza na hii aliyoongoza François Truffaut ya 1966, ya televisheni ya HBO ya 2018 utaiangalia baadae. Nilikodi mtandaoni nikaangalia usiku nikiwa nimewasha sabtaito, manake Oskar Werner anayecheza Montag, mhusika mkuu, lafudhi yake ni ya Kijerumani kabisa na kuna maneno yanakupita.

Kwa asiyejua stori, huko zimamoto hawazimi moto, wanaingia majumbani kwa watu kusaka vitabu na kuviteketeza. Namba 451 wanaivaa mpaka kwenye sare, ndo joto la karatasi kushika moto kwa mujibu wa kitabu, kwa vipimo vyetu ni kama nyuzi 233 za Celsius. Montag ni mmoja wa hao zimamoto, anasubiri kupandishwa cheo, halafu dada mmoja anayepanda nae treni anamuuliza kama amewahi kusoma hata kimoja kati ya hivyo anavyochoma.

Sasa kilichonishika ni jinsi Truffaut alivyoyaondoa maandishi kwenye hiyo nchi. Mwanzo kabisa majina ya waigizaji hayaandikwi, kuna mtu anayasoma huku wewe unaona antena za tv juu ya mapaa, antena tu, basi. Montag yuko kitandani na gazeti lake, ni michoro mitupu hakuna hata herufi. Mke wake Linda anakaa mbele ya tv ya ukutani anashiriki mchezo, wale waigizaji wanamgeukia wanamuuliza Linda unaonaje, anajibu lolote lile wanamwambia umepatia, na furaha anayokuwa nayo pale inaumiza kuitazama kwa kweli maana unaona hakuna mtu mwingine anayemuulizaga kitu.

Ndo mana sini ya Montag kusoma kwa mara ya kwanza ilinigusa sana. Kakaa usiku na kitabu cha Dickens, anaanzia jina la kitabu, jina la mwandishi, mpaka jina la aliyekichapa, kila kitu, kidole kinafuata mstari polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mi nilikaribia kulia.

Halafu kuna bibi mwenye maktaba ya siri ndani kwake. Zimamoto wanavimwaga vitabu vyote chini wanamwaga na mafuta, bibi anagoma kutoka, anasimama katikati na kiberiti anakiwasha mwenyewe. Kamera inasogea karibu unaona karatasi zinajikunja moja moja, kava zinavimba, yaani unaangalia vitabu vikifa kama watu. Kabla ya hapo kapteni (Cyril Cusack, huyu mzee anatisha kwa upole wake) anamwelezea Montag kwa nini vitabu vinaleta huzuni na kufanya watu wajione bora kuliko wenzao, na anaposema lazima vichomwe vyote mkononi kashika kitabu cha Hitler. Hapo nilisimamisha muvi nikakaa nikawaza, manake hicho wengi wetu tungekubali kichomwe bila kuulizwa mara mbili.

Kasoro zipo. Yule mbwa wa mashine wa kwenye kitabu hayupo, mzee Faber (yule profesa anayemsaidia Montag) hayupo, na vita pia imeondolewa. Wale askari wanaoruka angani mwishoni ni wa kizamani mno, unaona kabisa wamening'inizwa. Werner kuna sehemu amepoa kupitiliza, na inajulikana yeye na Truffaut waligombana wakati wa kushuti. Julie Christie kacheza mke na yule dada wa kwenye treni wote wawili, wengine hawalipendi hilo, mi nimelipenda, kwa sababu unaona sura ileile moja imezimika na nyingine ina uhai.

Mwisho, watu waliokimbilia msituni kila mmoja kahifadhi kitabu kizima kichwani, wanatembea huku na huku wananong'ona, theluji inadondoka. Mliopita madrasa mtawaelewa haraka sana, ule mwendo na ile midomo inayocheza mnaijua. Kuna mzee anakaribia kufa anamrithisha kijana kitabu chake sentensi kwa sentensi, kijana anarudia, anakosea, anarekebishwa. Muziki wa Bernard Herrmann pale, daah.

Hiyo ya 2018 Michael B. Jordan na Michael Shannon wanaigiza vizuri, ila mke hayupo kabisa na juu ya watu kuhifadhi kwa kukariri tunaletewa habari za kuficha vitabu kwenye DNA ya ndege, kwangu hapo wamekitoa kitu chenyewe.

Dakika 112, nyota nne kati ya tano. Ukiwa na watoto wadogo sini ya bibi ipeleke mbele.