Kimashine cha kusoma taa ya injini kiliniokoa nisinunue turbo

Nilikuwa nimepakia mifuko 20 ya mbolea, naelekea Molo. Salgaa nilipita vizuri, lakini mlima wa Sachangwan ulipoanza, pikapu yangu ya dizeli iliishiwa nguvu ghafla na ile taa ya njano ya injini ikawaka. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, wapi! Trela niliyokuwa nimeipita ilinifikia ikaanza kunipigia honi. Anayeijua barabara ile ataelewa hofu niliyokuwa nayo.

Niliporudi Nakuru, fundi aliisikiliza injini kidogo tu akasema, "Mzee, turbo imekwisha." Turbo ni ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, na ya mtumba ilikuwa shilingi 45,000. Kabla sijatafuta pesa hizo, nikanunua kimashine cha OBD2, kile kinachosoma namba za hitilafu za injini, kwa 1,800.

Unakichomeka kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, unawasha swichi, kisha kinashikana na simu kwa Bluetooth. Namba ikatokea: P0299. Maana yake, hewa inayosukumwa na turbo inafika kwenye injini ikiwa pungufu. Soma hapo polepole. Haijasema turbo imekufa. Huenda turbo inasukuma sawasawa na hewa inapotelea njiani.

Nikafungua boneti, nikapapasa ule mpira mnene unaotoka kwenye interkula, kile kipoza hewa ya turbo. Kwa juu ulikuwa mzima kabisa. Kwa chini, karibu na klempu, kidole kilizama kwenye ufa, kikatoka kimelowa oili nyeusi. Mpira mpya na klempu zake vilinigharimu 4,200. Nikaifuta ile namba, nikapandisha Sachangwan tena na mzigo uleule. Huu ni mwezi wa nne, na taa haijarudi.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kinaonyesha vipimo vya injini papo hapo. Injini ikiwa imezimwa lakini swichi imewashwa, sensa ya presha ya hewa hapa Nakuru inasoma kama kilopaskali 81. Nilikuwa nimesoma kwamba inapaswa kuwa 101, nikadhani sensa imeharibika. Kumbe 101 ni ya usawa wa bahari, kule Mombasa. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu, hewa ni nyepesi. Niliposhuka Kisumu na kabichi, sensa ileile ilisoma karibu 88. Ilikuwa nzima siku zote! Nawasihi wenzangu wa huku juu, msiuziwe sensa kwa sababu ya namba hiyo.

Kwenye gari langu hakisomi breki za ABS wala mifuko ya hewa, kinaishia kwenye injini. Na usikubali mtu yeyote afute namba kabla hujaipiga picha, maana ukifuta, unapoteza pia kumbukumbu ya mwendo na joto la injini wakati taa ilipowaka. Fundi mzuri anaihitaji sana.

Ukienda kununua, nenda na gari lako na ukifanyie majaribio hapohapo kabla ya kulipa. Cha kwanza nilichopewa kilikataa kabisa kushikana na simu, muuzaji akanibadilishia.