Tangi la Choo la Gari la Kambi: Jiki au Dawa ya Bakteria?

Kwa joto la Mombasa, tangi la choo halisubiri. Ukiegesha gari la kambi juani pale Nyali mchana kutwa, jioni harufu imeshafika kitandani. Wengi hukimbilia jiki. Kweli huua vijidudu haraka na kukata harufu kwa muda, lakini kinyesi chenyewe hukiacha palepale, na ikitumiwa mara kwa mara hudhoofisha raba za vali hadi zianze kuvuja. Baya zaidi, ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, au na mkojo uliolala tangini, hutoa gesi ya sumu. Ndani ya gari lililofungwa, hilo si la kujaribu.

Dawa ya bakteria na vimeng'enya huenda polepole, lakini huvunjavunja uchafu na karatasi, na joto la Pwani huisaidia. Sharti lake ni maji ya kutosha. Acha vali ya kumwagia tangi la choo imefungwa hadi tangi lifike thuluthi mbili. Ukiiacha wazi, maji hukimbia na kinyesi hujenga kilima kigumu chini. Siku ya kumwaga, anza na tangi la choo, kisha la sinki, ili maji yake yasuuze mpira wa kumwagia.

Mimi nachagua bakteria, hasa kwa kuwa nyumba nyingi hapa hutegemea shimo la maji taka, na jiki nyingi ikiingia humo huua bakteria wanaolisafisha. Baharini usimwage kabisa, hata kama umetumia dawa gani. Jiki iachie tangi la maji safi: kiasi kidogo, kisha suuza hadi harufu iishe.