Kupandikiziwa mfupa wa taya Mwanza: uzoefu wangu na ushauri kuhusu kahawa

Nilipandikiziwa mfupa kwenye taya la chini katika kliniki moja ya meno hapa Mwanza, kwa kuwa gego lililong'olewa liliacha mfupa umelika kiasi kwamba jino la kupandikiza lisingepata pa kushika. Tundu lilijazwa chembechembe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, likafunikwa kwa utando wa kolajeni (protini inayojenga ngozi na mifupa), kisha fizi ikashonwa. Ganzi ilifanya kazi yake na upande wa ufundi sina la kulalamikia. Linalostahili kuelezwa kwa kirefu ni ushauri kuhusu kahawa.

Daktari hakuishia kuniuliza kama ninakunywa kahawa. Aliuliza ni kahawa gani. Kwetu sisi wa kando ya ziwa swali hilo lina uzito, kwani kahawa nyingi ya Kagera ni robusta, ambayo kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika, na wapo ndugu zetu wa Bukoba wanaoitafuna kavu bila kuihesabu kama kinywaji. Alinieleza kwamba kafeini huziba vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vya adenosini, kemikali ambayo miongoni mwa kazi zake husaidia seli zinazojenga mfupa kukomaa, na kwamba huongeza kalsiamu inayotoka kwenye mkojo. Panya waliopewa kafeini kwa wingi walichelewa kujenga mfupa kwenye tundu la jino. Hapo hapo akaongeza, na ndipo nilipomwamini, kwamba dozi za panya hazilinganishwi moja kwa moja na vikombe vya binadamu, kwamba kalsiamu inayopotea kwa kikombe kimoja hufidiwa na kijiko kikubwa kimoja au viwili vya maziwa, na kwamba sigara ina madhara makubwa zaidi kwa mfupa uliopandikizwa.

Siku za mwanzo alinikataza kahawa na chai ya moto kwa sababu nyingine kabisa: joto huweza kuvuruga donge la damu linalolinda kidonda. Baada ya hapo aliniruhusu kikombe kimoja cha asubuhi, chenye maziwa, hadi eksirei ionyeshe kuwa mfupa umeshika, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi 6. Wangu umeshika vizuri, ingawa siwezi kudai kwamba ni kwa sababu ya kupunguza kahawa.

Kasoro ipo kwenye karatasi ya maelekezo, ambayo imetaja kahawa peke yake. Haikutaja chai ya rangi, soda za kola wala vinywaji vya kuongeza nguvu, na kubwa zaidi, haikutaja dawa za maumivu. Nikiwa kwenye duka la dawa Kirumba nilisoma pakiti ya Panadol Extra: kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini. Anayemeza viwili mara tatu kwa siku anafikisha miligramu 390 kabla hajagusa kikombe, wakati Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilitaja miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicho na wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya. Nilichukua parasetamoli ya kawaida, na nilipomweleza daktari aliahidi kuirekebisha karatasi hiyo.

Huduma yenyewe naipendekeza. Atakayekwenda amtajie daktari kila chenye kafeini anachotumia, dawa zikiwemo, kabla ya siku ya upasuaji.